Kwa Nini Mlima Wetu Unaitwa Jikoni

Mwaka juzi niliposhuka basi pale Same, kijana wa bodaboda aliniwahi. "Shikamoo mzee. Unapanda Jikoni?" Jina hilo hulikuti kwenye ramani. Ni jina la utani la upande wetu wa mlima, na kila mtu ana lake la kusema kuhusu lilikotoka. Kijana akanieleza bila kuulizwa: ni ukungu. Asubuhi, ukiutazama kutoka tambarare, mlima wetu unafuka kama jiko la kuni. Nikamwambia aendeshe pikipiki, habari za mlima aniachie mimi.

Darasa la nne sikulimaliza, na nyumba zangu nimezijenga kwa mikono yangu. Sidanganyiki. Maisha yangu yote nilijua jina lile limetoka kwenye chungu cha bibi yangu.

Unaikumbuka miaka ile, rafiki? Sabuni hakuna, tunafua kwa majani ya mpapai. Sukari tunaisikia kwa jina. Unga wa njano tunaupangia foleni, na mvua nayo imegoma. Pembe ikilia alfajiri, kila nyumba ilitoa watu kwenda msaragambo, kazi ya wote, kuzibua ndiva yetu, lile bwawa linalokinga maji ya mfereji. Wanaume wako matopeni, sisi watoto tunabeba mawe, na pua zote zimeelekea kwa bibi anayepika makande. Kila mama alileta kifurushi kimefungwa kitambaani, mahindi au maharage. Bibi alikipokea chini ya kanga, akageuka, akamimina chunguni mwenyewe. Ukichungulia, mwiko ulikutua kichwani. "Chungu hakina macho," alisema, "na wewe fumba yako." Moshi wa kuni mbichi, maharage yanapasuka, mate yanatutoka. Mpaka leo nikinusa makande, miguu inaniwasha kama ina tope.

Aliyenipinga siku zote ni jirani yetu, mwanamke wa rika langu. Harusini, msibani, nje ya kanisa baada ya ibada: "Ukungu, bwana. Bibi yako alipika kama wapikavyo wengine." Tulibishana mpaka mvi zikatuota. Safari ile nilimfuata kwake makusudi. Kijiji kilitaka kuweka kibao barabarani chenye asili ya jina, nami nilitaka bibi yangu atajwe.

Alinimiminia chai kwanza.

"Kaka, unajua mama yangu alileta nini mwaka ule wa njaa?"

"Mahindi, kama wenzake."

"Magunzi. Matupu. Aliyafunga kitambaani ili naye aonekane kashika kitu. Nilikuwa nimening'inia kwenye kanga yake, niliona. Bibi yako akapapasa, akajua. Akasema watu wote wasikie, 'Asante mwanangu, mahindi mazuri haya.' Akageuka, akayasukumia motoni, chini ya chungu. Tukala mpaka tukashiba."

"Sasa ukungu wa nini, dada, miaka yote hii?"

"Ukisema chungu, watu wataanza kukumbushana nani alileta nini. Ukungu haumuulizi mtu." Akanisogezea kikombe. "Nikishazikwa, sema utakavyo."

Nikamaliza chai, nikaaga. Nilipopita kwa mwenyekiti, akaniuliza, basi mzee, kibao tukiandikeje?

"Ukungu," nikamwambia.

Kibao kipo mpaka leo. Ndiva imesakafiwa kwa saruji, pembe hailii tena. Tangu biashara ilipofunguliwa maduka yamejaa sabuni za kila rangi, na kila mtu anapika kwake, mlango umerudishwa. Sikatai, njaa ile simwombei mtu. Ila kama jina lilitoka kwa bibi au kwa ukungu, sasa sijui kwa hakika, na aliyekuwa akinibishia hayupo.

Tulimzika mwezi uliopita. Msibani wanawake walileta mchele na maharage kwenye mifuko inayoonyesha kilichomo, wakaipanga mezani, na kila aliyepita aliona nani kaleta kingi na nani kaleta kidogo. Mama mmoja kijana alisimama mlangoni, mfuko wake mdogo ameukunja kiganjani, haingii. Nikatazama huku na huku nione kama kuna bibi yeyote wa kuupokea chini ya kanga.