Siku Tuliyotaka Kumlisha Mgeni Sombe

Rafiki yangu wa darasani alikuwa ananiita mbuzi, kwa sababu kwetu Mulongwe tunakula majani kila siku: Jumatatu sombe ya majani ya muhogo, Jumanne lengalenga, Jumatano mabaki ya Jumatatu. Mimi nilimwita ndama. Watu wao walishuka na ng'ombe kutoka milimani, na hata sasa wanapokaa Rugenge katika nyumba ya saruji, chakula kwao ni maziwa, maharagwe na nyama. Majani ni ya wenye pembe. Tulitukanana hivyo tukicheka, hadi baba yake alipoanguka kanisani katikati ya wimbo.

Munganga wa hospitali akasema ni tansio, damu imepanda. Apunguze nyama na chumvi, ale mboga na matunda kila siku, la sivyo akianguka tena hatainuka. Mzee akarudi nyumbani akaomba nyama.

"Anasema munganga anataka kumufanya ng'ombe," rafiki yangu aliniambia wakati wa mapumziko. Siku hiyo hakuniita mbuzi. Nikajua mambo ni mabaya.

Na kichwa changu kikaanza kuchanganyikiwa. Mama yangu anauza mboga. Asubuhi anazipeleka kwenye nyumba kubwa kubwa, na matajiri wananunua karoti, saladi, papai, eti kwa ajili ya afya. Sisi tunakula sombe eti kwa sababu hatuna kitu. Babu yangu kule Luvungi analima nyanya nzuri ajabu, lakini yeye anakula bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani. Nyanya zote zinapanda pikipiki kwenda sokoni. Sasa mboga ni dawa, ni umaskini, ama ni biashara? Nilimuuliza mwalimu wa biolojia. Akasema ni vitamini, nikae chini.

Nikatunga mpango. Mzee ni mtu wa heshima. Akialikwa hawezi kukataa chakula cha mwenye nyumba. Basi aje kwetu, nyumba ambayo haijawahi kukosa sombe. Rafiki yangu akamwambia baba yake kwamba mama yangu anataka kumpa pole. Mimi nikamwambia mama kwamba mzee anataka kuja kutusalimia. Uongo mdogo mdogo, wa kitabibu.

Jumapili mzee akaja, suti na fimbo. Mama akaweka sahani mezani, akafunua. Kuku! Yule jike wetu wa mayai, anaogelea kwenye mafuta.

Nikamfuata mama jikoni. "Mama, na sombe?"

"Weye uko na akili kweli? Mugeni wa Rugenge, minye nimupatie majani? Batu ba hapa batanicheka mpaka nizikwe! Sombe iko nyuma ya nyumba. Mukulie kule, na mufunge mulango."

Kila mgeni anapokuja kwetu, sombe inafichwa. Naijua desturi hiyo tangu nizaliwe, na bado sikuifikiria hata kidogo.

Tukakaa nyuma, mimi, rafiki yangu na mdogo wangu wa kike, tukizunguka sufuria na kumsikiliza mzee akivunja mifupa.

"Mama yako anamuua," rafiki yangu akanong'ona. "Anamuua na heshima."

Mara mzee akatokea, anatafuta choo. Mdogo wangu, vidole vimejaa sombe, akasema kile alichofundishwa kumwambia kila mtu anayemkuta akila: "Karibu, baba, tukule."

Ukikaribishwa hivyo lazima uonje, na kumkatalia mtoto ni aibu zaidi. Mzee akaitazama sufuria. Akainama, akamega bugali, akachovya. Akatafuna amefumba macho kama mtu anayesali. Halafu akamega tena.

"Hii iko na nini ndani?"

"Mawese na ndagala, baba," nikajibu.

Akaketi juu ya bidoni ya maji. Mama akafungua mlango, akaona suti yote ile imekaa uani inakula majani. Akashika kichwa.

"Baba, samahani! Hiyo iko ya batoto!"

"Basi leo na minye niko mutoto," mzee akasema, mdomo umejaa.

Munganga anasema tansio imeshuka kidogo. Kila Jumamosi rafiki yangu anakuja na sufuria tupu. Huko kwao, anasema, mzee anafunga madirisha kwanza ndipo anakula. Mama naye, tangu Jumapili ile, haniongeleshi. Anasema nilimvua nguo mbele ya mgeni. Lakini sufuria anaijaza, chumvi kidogo, na kunipa bila kuniangalia.