Tafakari ya Alhamisi Ambayo Haijafika

Mwalimu Gideoni Nyagawa wa Kifanya alikuwa mtu wa asilimia themanini na tano. Kwa miaka ishirini na miwili, kila somo alilofundisha lilieleweka kwa asilimia themanini na tano, halikupanda wala halikushuka. Hisabati, themanini na tano. Jiografia, vivyo hivyo. Hata siku upepo ulipoezua paa la darasa la sita na watoto wakasoma wamejibanza ukutani, andalio la somo lilisema: "Somo limefundishwa na limeeleweka kwa asilimia 85." Na lilisema hivyo tangu asubuhi, kabla ya kengele ya namba, ile ya kwanza ya siku.

Wewe usiyewahi kushika chaki usiharakishe kumwita mwongo. Andalio la somo lina nafasi chini kabisa, imeandikwa Tathmini, na mwalimu mkuu husaini maandalio yote asubuhi na mapema. Ukimpelekea lenye nafasi tupu atauliza mbona hujamaliza kazi. Kwa hiyo unaijaza kabisa, unajua yaliyotokea kabla hayajatokea, na maisha yanaendelea. Aliyewahi kuandika kweli ni mmoja tu, Mwalimu Tarsis, mwaka wa themanini na tisa: "Somo halikueleweka hata kidogo, nami mwenyewe nina mashaka nalo." Wakaguzi wakaja, wakalisoma, wakatikisa vichwa. Muhula uliofuata Tarsis alikuwa anafundisha Mawengi, na barua zake zilichukua mwezi kufika. Walimu wa Kifanya walijifunza somo hilo kwa asilimia mia.

Sasa Gideoni alikuwa akisoma digrii ya ualimu kwa njia ya posta, katika chuo kimoja kilichoko mbali, na mwaka huo wa 2007 ulikuwa wa nane. Kanuni za chuo zilisema miaka minane ndiyo kikomo. Usipomaliza, jina linafutwa na yote uliyofaulu yanakwenda na maji. Alikuwa amebakiza somo moja tu. Mtaa mzima wa kanisa la Kilutheri ulikwisha kuombea digrii hiyo mara tatu, na mkewe, Fidelia, alikwisha kumshoneshea suti. Mtu aliyeombewa mara tatu na kushoneshewa suti hana njia ya kurudi nyuma.

Somo lenyewe halikuwa na mtihani. Gideoni alifurahi aliposikia hivyo, furaha iliyodumu mpaka alipogeuza ukurasa. Badala ya mtihani, kila mwanafunzi alitakiwa kutunza jalada la kielektroniki, ambalo wenyewe chuoni waliliita potifolio. Ndani yake, kila wiki, uweke ushahidi wa kazi yako kwenye mtandao, kisha uandike tafakari: nini kilitokea, nini hakikwenda vizuri, umejifunza nini. Mhadhiri wako atasoma akiwa huko huko aliko, naye atajibu.

Njombe mjini, karibu na kwao, mtandao ulikuwapo, lakini huko kulikuwa na maofisa elimu, walimu wenzake na wazee wa kanisa, na Gideoni hakutaka mtu anayemfahamu amwone akiitafuta herufi ya K kwa kidole kimoja. Ndipo kila Jumamosi akawa anapitiliza mpaka Makambako, mji wa watu waliokuja, ambako hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi kwa sababu yeye mwenyewe hataki kuulizwa.

Huko akaangukia kwa Zamda. Huyu alikuwa mwanamke wa Tanga, mke wa Kheri, mwenye malori ya kwenda Tunduma. Duka lake lilianza kuwa la ushirika. Ushirika ulipokufa likawa la mitumba, likawa banda la video, na sasa lilikuwa na kompyuta nne zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa, na Zamda alikuwa amekijaribu karibu chote.

"Kamwene, Mwalimu," alimwambia, akijivunia salamu yake moja ya Kibena. "Wewe sema, mimi nachapa. Ukichapa mwenyewe tutafunga duka bado uko kwenye 'Yah'."

Basi Gideoni akawa anasimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni, akisema kama anayetoa imla darasani. Nini kilitokea? Somo limefundishwa. Nini hakikwenda vizuri? Hakuna, isipokuwa uhaba wa vitendea kazi. Umejifunza nini? Kwamba somo limeeleweka kwa asilimia themanini na tano.

"Mwalimu," Zamda aliuliza wiki ya tatu bila kugeuka, "hujakosea tangu mwaka uanze?"

"Mama Nasma, wewe chapa."

Nasma alikuwa mwanawe. Zamda akachapa, ila mabega yake yalikuwa yanacheka.

Na kwa kuwa Makambako ni mbali, na Jumamosi ni moja tu kwa wiki, Gideoni aliona hekima kumaliza kazi ya wiki nzima kwa mkupuo. Jumamosi moja alitoa imla ya tafakari ya Jumatatu ijayo, Jumatano ijayo na Alhamisi ijayo. Ile ya Alhamisi ilikuwa nzuri kuliko zote. Ilieleza jinsi wanafunzi wa darasa la sita walivyoshiriki kwa ari katika kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kama nusu na theluthi.

Wiki iliyofuata Mzee Bonaventura, mwenyekiti wa kitongoji, alifariki, akazikwa Alhamisi hiyo hiyo. Shule ilifungwa. Gideoni alibeba jeneza na kuongoza nyimbo, na Jumamosi, kwa kuwa jalada lilikuwa na ukurasa wa huduma kwa jamii, akaweka habari ya msiba pamoja na picha. Alionekana vizuri sana kwenye picha.

Jibu la mhadhiri lilimkuta Jumamosi ya pili. Aliitwa Daktari Emerensiana, na Gideoni hakuwahi kumwona. Zamda alilisoma kwa sauti, na alipofika katikati sauti ikaanza kumkatika.

"Mwalimu Nyagawa," jibu lilisema, "jalada letu huandika lenyewe tarehe ya kila unachoweka. Linaniambia kwamba tarehe tisa ulitafakari somo la tarehe kumi na nne. Ukurasa mwingine unaniambia kwamba tarehe kumi na nne shule yako ilifungwa na ulikuwa makaburini. Nimefundisha miaka mingi, lakini sijapata kuwa na nabii darasani. Nakupa wiki mbili. Niletee tafakari moja tu ya kweli, yenye ushahidi kutoka kwa wanafunzi wenyewe. Ikishindikana, somo hili litahesabika umelikosa, na unajua huu ni mwaka wako wa nane."

Zamda alilala juu ya meza akacheka mpaka ushungi ukamtoka. Gideoni hakucheka. Alijisikia aibu, aibu ya mtu mzima, ile inayoanzia masikioni. Akakaa kwenye kiti cha wateja na kuiona suti yake imening'inia nyumbani bila mwenyewe.

"Pole, Mwalimu," Zamda alisema alipopata pumzi. "Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Tuandike sasa. Nitajie somo moja lililokushinda."

Gideoni akafikiri. Akafikiri tena. Huwezi kuamini, lakini hakulipata. Alikuwa ameandika themanini na tano kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuwa na habari nyingine ya maisha yake. Hilo lilimtisha kuliko lile jibu la mhadhiri.

"Sijui," alisema.

"Basi waulize wanaojua."

Jumatatu alifundisha zile zile sehemu za asili tofauti. Alipomaliza aliuliza kama anavyouliza siku zote, "Tumeelewana?" Darasa zima likaitika, "Ndiyooo, Mwalimu," kwa ule wimbo ambao mtoto hujifunza darasa la kwanza kabla ya kujifunza kuandika jina lake. Alisimama akiutazama wimbo huo ukiisha hewani. Kisha akagawa vipande vya karatasi, kimoja kimoja, watoto hamsini na wanane.

"Andikeni mahali ambapo hamjaelewa," alisema. "Msiandike majina. Hakuna kiboko."

Watoto wakatazamana. Katika shule ile hakuna aliyewahi kusikia sentensi hizo tatu zikifuatana. Walidhani ni mtego, na mmoja akaomba kwenda chooni asirudi mpaka alipofuatwa. Lakini mwishowe kalamu zikaanza kutembea, tena zikatembea kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.

Hakuzisoma. Alijiambia anaheshimu siri ya watoto, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Alizifunga kwenye mfuko wa salfeti, na Jumamosi akazipeleka Makambako, umbali wote huo, kama mtu anayepeleka haja yake hospitali kupimwa.

Zamda alifungua mfuko, akavuta kiti, akaanza kusoma.

"'Mwalimu, ukiwa unaandika naelewa, ukifuta sielewi.' Huyu mkweli. 'Asili ni nini? Umeitaja tangu Januari.' Haya. 'Tunaitika haraka kwa sababu ukifurahi unatutoa mapema.' Mwalimu, hawa watoto wana akili. 'Mimi nimeelewa ila naomba ruhusa Jumanne, tunavuna viazi.'"

Walizipanga mezani kwa mafungu. Sita walikuwa wameelewa. Arobaini na tisa hawakuelewa, na wengi walieleza vizuri mahali walipopotea kuliko yeye alivyoeleza somo. Watatu waliandika mambo yao, akiwemo yule wa viazi. Gideoni alipiga hesabu kwa kalamu pembeni ya gazeti. Asilimia kumi na nukta tatu.

Kisha Zamda akachomoa karatasi moja kutoka fungu la wasioelewa.

"Hii tuiache," alisema, akaifunika kwa kiganja.

Gideoni akanyoosha mkono. Karatasi ilikuwa na mwandiko mdogo ulioinamia kushoto, na aliutambua kabla hajasoma, kwa kuwa ulikuwa kwenye madaftari yote yaliyolala juu ya meza ya kulia chakula nyumbani kwake. Ulisema: "Baba, mimi sijaelewa tangu tulipoanza. Naitika ndiyo ili wenzangu wasiseme mtoto wa mwalimu ni mjinga, na wewe usiaibike."

Alikuwa Vestina, mtoto wake wa mwisho. Alisahau kwamba karatasi haikutakiwa kuonyesha ni ya nani, au hakusahau. Mwaka mzima walikuwa wamekwenda na kurudi shule pamoja, baba mbele, mtoto nyuma na mkoba, na kila jioni alimuuliza masomo yalikuwaje, naye akajibu mazuri. Gideoni alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Iliuma.

"Itakuaibisha kwa huyo daktari," Zamda alisema taratibu. "Zilizobaki zinatosha."

"Iweke ya kwanza," alisema Gideoni.

Wakapitisha karatasi zote kwenye mashine ya kuingiza picha katika kompyuta, moja moja, umeme ukikatika mara mbili. Halafu Gideoni akakataa kutoa imla. Alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta, akaitafuta herufi moja moja kwa kidole, wateja wakiingia na kutoka. Aliandika kwamba alitafakari somo ambalo hakulifundisha. Aliandika kuhusu miaka ishirini na miwili, na kuhusu Tarsis aliyesema kweli. Kwenye nini hakikwenda vizuri aliandika "Mimi." Kwenye umejifunza nini aliandika kwamba bado, ila ameanza kuuliza. Zamda alitaka kumrekebishia nukta mbili tatu, akaamua kuziacha.

Wiki iliyofuata jibu la Daktari Emerensiana lilikuwa fupi: "Imepokelewa. Umefaulu, na kwa hiyo umemaliza. Nimesoma karatasi zote hamsini na nane. Hongera, Mwalimu."

Zamda alipiga kigelegele kilichowatoa nje watu wa duka la vipuri la jirani. Alimfungia Gideoni haluwa kwenye gazeti, akampa, akasema aipeleke kwa mwenye ule mwandiko. Gideoni alirudi Kifanya akiwa mwepesi, akijisemea maneno aliyopanga kumwambia bintiye. Alimkuta uani anachambua maharage na mama yake, jua bado lipo. Fidelia aliposikia tu neno "umemaliza" aliinuka akaenda kuwaambia majirani, na njiani akaanza wimbo.

Gideoni alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Vestina, karatasi yako ndiyo iliyonipa digrii. Umesikia? Yako."

Vestina akainua macho. Alimtazama baba yake vizuri, kama anayepima kama ile ahadi ya "hakuna kiboko" bado inafanya kazi hata nyumbani.

"Hongera, baba," alisema. "Lakini sehemu bado sijaelewa."

Kule barabarani Fidelia alikuwa amekwisha kupata waitikiaji. Gideoni akavua koti, akaomba kisu na kiazi kimoja kikubwa cha kukata sehemu.