Mafuta Yasiyolia

Hakuna bibi harusi wa ukoo ule aliyetoka nyumbani bila kupakwa mafuta na Bibi Ekaristia. Mafuta yake ya parachichi na nta ya nyuki aliyapika mwenyewe, uani kwake Majengo, na hakupima kwa kijiko wala kwa saa. Alipima kwa sikio. Mafuta mabichi yanalia sufuriani kwa sababu bado yana maji. Yakinyamaza yameiva, unaepua.

Sasa Asumpta, mjukuu wake, anaolewa Jumamosi, na alishasema wazi: "Bibi, ya kwako yananata. Gauni la dada Monika yaliliharibu. Mimi naenda saluni."

"Nenda! Wakakupake grisi ya baiskeli," bibi alijibu, lakini siku ile hakugusa chakula.

Aliyetafuta njia ni Violeth, mkwewe, mama yake Asumpta. Akaagiza Dar es Salaam chupa ndogo ya esta, mafuta mepesi yanayotengenezwa kiwandani kutokana na nazi. Watengeneza losheni huyachanganya ili ngozi ilainike bila kunata.

"Mama, tia kidogo kwenye ya kwako yakishapoa. Asumpta amekubali utampaka wewe. Ila haya usiyapike."

"Violeth, unanifundisha mafuta?"

"Sikufundishi, mama."

"Haya, nenda kaangalie wapishi wako wa harusi."

Bibi akabaki na chupa. Akadondosha kiganjani, akasugua. Yakapotea kama hayakuwepo. Harufu hayana, uzito hayana. Mafuta gani haya, yaingie kwenye ngozi ya mjukuu wake yakiwa mabichi? Akapuliza mkaa, akamimina chupa nzima sufuriani, akatega sikio.

Kimya. Akaongeza mkaa. Kimya. Alingoja yalie kwanza, ndipo yanyamaze, kumbe hayakuwa na hata tone la maji la kuyaliza. Moshi ukapanda, mkali, ukamtoa machozi. Alipoepua, yalikuwa yamegeuka kahawia, yananuka kuungua.

Violeth akasimama mlangoni. "Mama, umeyapika?"

"Yalikuwa mabovu. Hayasemi."

Violeth aliichukua sufuria akaisugua kwa jivu, na mkwaruzo ule ulimuuma bibi kuliko tusi.

Jumamosi Asumpta alirudi kutoka saluni, shingo na mikono inang'aa. Bibi alikuwa kwenye kigoda, kopo la mafuta yake kwapani, analipasha joto maana baridi ya Julai ilikuwa imeyagandisha. Aombe? Yeye?

Asumpta alimtazama mama yake aliyesimama mlangoni, kisha akavua viatu.

"Bibi, nipake nyayo. Huko gauni halifiki."

"Nyayo tu?"

"Nyayo tu, bibi."

Jibu alikuwa nalo, kali, mdomoni kabisa. Lakini kopo lilishapata joto. Bibi Ekaristia akapiga magoti, akaanzia kisigino.