Mlio Ambao Sikio Hakuusikia

Mtaa mzima ulimwita Sikio, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Alikuwa fundi wa magari, mfupi, mabega mapana, mwenye mwendo wa mtu aliyebeba kitu kizito hata akiwa mikono mitupu. Gereji yake ilikuwa nyuma ya ghala la mbao: kibanda cha mabati, shimo la saruji la kuingilia chini ya gari, meza yenye jiriwa ya kubania vyuma, na ukutani spana zilizopangwa kwa ukubwa, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu ili isipoteze njia ya kurudi. Upande wa pili wa uzio alikuwapo jirani yake kwa miaka ishirini na sita, fundi wa kunyoosha bodi, ambaye naye jina lake lilimezwa na kazi, walimwita Nyundo. Nyundo akigonga mabati, Sikio akifungua nati, na siku zikaenda hivyo mpaka wote wawili wakaota mvi.

Jina la Sikio lilitokana na breki. Gari likikimbia, alizoea kusema, upepo na matairi humeza kila kitu. Breki husema ukweli gari likitambaa. Basi mteja akija na malalamiko, Sikio alishusha vioo vyote, akazima redio, akaliendesha gari polepole kandokando ya ukuta mrefu wa ghala, maana ukuta hurudisha sauti. Alikanyaga kidogo, akaachia, akakanyaga tena. Mlio mwembamba kama wa filimbi ulimwambia kwamba pedi zimebaki nyembamba na kile kichuma cha kuonya kimeanza kugusa diski. Kukwaruza kulimwambia kwamba pedi zimekwisha na chuma kinasaga chuma. Kugonga mara moja tu, pale mguu unapogusa pedali, ilikuwa pini iliyolegea. Na ile sauti inayokuja na kuondoka kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, hiyo ilikuwa diski iliyopinda. Aliporudi, alikuwa na jibu kabla hajazima injini. Watu walimtania kwamba anasikia tairi likipungua upepo mtaa wa tatu, naye alijifanya amekasirika, lakini ulimwona kabisa kwamba kichwa kimevimba.

Nyumbani alikuwa na mkewe, mshonaji, aliyefanya kazi sebuleni kwenye cherehani iliyokaa chini ya dirisha. Mama huyu alikuwa na sauti ya chini tangu usichana wake. Watoto wao watatu walishakuwa watu wazima na kila mmoja ana makazi yake mbali, na walipoondoka nyumba ilipoa. Sikio aliona kwamba mkewe amepunguza maneno. Hakuuliza. Alijiambia kwamba uzee ndio huo, watu wakishaishi pamoja miaka thelathini na ushei hawana tena mapya ya kuambiana. Akala, akaoga, akalala.

Basi siku moja asubuhi akaja mkunga wa hospitali, mteja wake wa siku nyingi, mwanamke mcheshi aliyezalisha nusu ya mtaa ule.

"Fundi, gari langu linalia," alisema, huku akimpa ufunguo. "Likienda kasi, kimya. Nikikaribia geti la hospitali, napunguza mwendo, ndipo linapoanza kama paka aliyebanwa mkia."

Sikio alicheka, akaingia, akashusha vioo. Alipita ukutani mara mbili. Hakusikia kitu. Alisikia injini, akasikia kokoto chini ya matairi, akasikia nyundo ya jirani kwa mbali. Breki zilikuwa kimya kabisa. Aliinama akachungulia katikati ya matundu ya rimu, akaona pedi ya nje bado ni nene.

"Vumbi tu hilo," alimwambia. "Litaisha lenyewe."

"Wewe ndiye Sikio," mkunga alijibu. "Ukisema hamna, basi hamna."

Baada ya wiki mbili mwanamke akarudi. Safari hii alikaa naye ndani ya gari. Walipofika katikati ya ukuta na Sikio akakanyaga breki, mkunga alimgusa mkono.

"Hilo hapo! Umelisikia?"

Sikio hakulisikia. Angeweza kusema hivyo. Neno lilikuwa fupi tu, na mwanamke huyu hakuwa mtu wa kumcheka mwenzake. Lakini ulimi ulikuwa umezoea kujibu kitu kingine.

"Nimelisikia," alisema. "Ni la nyuma hilo."

Akafungua magurudumu ya nyuma, akasafisha ngoma za breki, akapaka grisi panapostahili, akafunga. Kazi safi, isiyo na kosa, kwenye magurudumu yasiyo na ugonjwa. Mkunga alimshukuru akaenda zake. Kelele, alikuja kusema baadaye, iliendelea siku zile zile, kisha ikabadilika, ikawa nzito. Lakini kwa kuwa fundi alishaishughulikia, aliongeza sauti ya redio.

Ilikuwa siku ya Jumatano, mchana kweupe. Mkunga alikuwa anampeleka baba yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, kupimwa macho. Waliteremka kimteremko kifupi kinachoingia maegesho ya hospitali, gari likiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Alikanyaga breki, na pedali ikazama mpaka chini kama mguu unaoingia kwenye tope. Alivuta breki ya mkono, akakata usukani kukwepa watu waliokuwa kwenye benchi, na gari likagonga ukingo wa saruji wa bustani. Watu wa kwenye benchi walipata hofu tu. Mkunga hakuumia. Mzee alikuwa ametanguliza mkono wa kulia kwenye dashibodi, na kifundo cha mkono kikavunjika mahali pawili.

Gari lilivutwa mpaka gereji. Sikio alilipiga jeki mwenyewe, akafungua gurudumu la mbele la kulia, akatoa pedi. Ile ya nje bado ilikuwa nene, ile ile aliyoiona kwenye matundu ya rimu. Ya ndani haikuwapo. Kilichobaki ni bati tupu, linang'aa kama kisu kilichonolewa, na diski ilikuwa imechimbika mifereji unayoweza kulaza ukucha ndani yake. Pini ya kutelezea ilikuwa imeganda kwa kutu, kwa hiyo upande mmoja ulibeba kazi yote mpaka ukaisha, pistoni ikasukumwa nje kupita kiasi, mafuta ya breki yakamwagika. Kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona kwa kufungua nati tano.

Nyundo alikuja akasimama nyuma yake, kisha akazunguka mbele.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Hii ilikuwa inapiga kelele mtaa mzima. Hata mimi niliisikia."

Sikio aliinua kichwa. "Uliisikia lini?"

"Siku ile ulipopita nayo hapo ukutani. Nilikuwa nagonga mlango wa pikapu, na bado niliisikia. Meno yaliniuma." Akamtazama vizuri. "Nilidhani umeisikia na wewe. Nani angedhani vingine?"

Sikio aliketi kwenye tairi, bati la pedi mkononi. Nyundo naye hakurudi kwenye kazi yake. Alichukua kitambaa akaanza kufuta spana ambazo hazikuwa chafu.

Jioni hiyo Sikio alikwenda nyumbani kwa mkunga. Alimkuta mzee kwenye kiti, mkono umefungwa plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko, na binti yake akimkatia matunda vipande vidogo. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hata njiani alikuwa akijitukana kwa niaba yao.

"Sikulisikia," alisema, akiwa bado amesimama. "Mara ya kwanza sikulisikia, na mara ya pili nikakudanganya kwamba nimelisikia. Niliona aibu. Ndiyo kisa chote hicho, dada yangu."

Mkunga aliweka kisu chini. Macho yalimjaa machozi, na yalikuwa ya hasira. "Ungeniambia, fundi. Ningelipeleka kwingine. Ningekuletea na wewe dawa."

"Najua."

Mzee alikohoa. "Keti, fundi," alisema. "Ukisimama unanifanya nijisikie nipo darasani." Hakucheka mtu. Kisha mwalimu akaongeza, "Mkono utapona. Wewe nenda ukapimwe."

Mkunga ndiye aliyempangia siku. Chumba cha kupimia kilikuwa kama kabati: kuta za sponji, kiti kimoja, kioo, na nyuma ya kioo kijana wa kike aliyevaa koti jeupe. Walimvalisha vidude vya masikioni, wakampa kitufe. Akaambiwa: kila ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo namna gani, bonyeza. Mkewe alimsindikiza, akaketi kwenye kiti karibu na mlango, ndani humo humo, kwa kuwa mpimaji alimruhusu.

Sikio alishika kitufe kwa uangalifu, kama anavyoshika nati ndogo. Alisubiri. Alimtazama yule binti nyuma ya kioo akishusha na kupandisha kitu. Alisubiri tena. Mwishowe akainua mkono kwa heshima.

"Mwanangu, mtanijulisha mkianza?"

Binti alivua vidude vyake mwenyewe, akafungua mlango, akainama mbele yake ili amwone midomo.

"Tulishaanza, baba. Zimepita sauti kumi na nne."

Akageuka kumtazama mkewe. Alimkuta amejiziba mdomo kwa ncha ya khanga, analia.

Walielezwa kwamba sauti nene bado anazisikia kiasi, lakini nyembamba zimekwisha, na hazikuisha jana. Zimekuwa zikipungua kwa miaka kumi, pengine zaidi. Waliulizwa kama amefanya kazi karibu na kelele. Mkewe ndiye aliyejibu, akataja mabati na nyundo. Walielezwa pia kwamba kilichokufa humo hakifufuki, na kwamba mashine ya kuvaa sikioni itasaidia kidogo kwenye mazungumzo.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mkewe hakuenda kwenye cherehani. Alivuta kigoda akaketi mbele ya mumewe, magoti yakigusana, akamshika kidevu ili amwangalie.

"Siku tuliyorudi kutoka kumzika mama yangu," alisema polepole, kwa sauti kubwa ambayo haikuwa yake. "Unakumbuka? Ulikuwa umeketi hapo, umenipa mgongo, unavaa viatu vya kazi."

"Nakumbuka."

"Nilikwambia, usiende leo, usiniache peke yangu. Ukafunga kamba, ukainuka, ukaenda gereji."

Sikio alizidi kuitazama midomo yake.

"Nikarudia mlangoni. Hukugeuka." Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa usoni kwa mumewe. "Miaka sita, baba watoto. Miaka sita nimelala na wewe kitanda kimoja nikijua kwamba ulinisikia. Ndiyo maana nikaacha kusema. Nilisema, mtu ambaye hakunijibu siku ile, nitamwambia nini tena?"

"Sikukusikia, mke wangu. Haki ya Mungu sikukusikia."

"Najua. Leo najua." Akamwachia. "Na bado ile siku nilikuwa peke yangu."

Sikio alimshika mkono, mkono mwembamba wenye vidole vilivyochomwachomwa na sindano, na mama akauacha ushikwe. Walikaa hivyo mpaka chumba kikaingia giza, na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Mambo hayakutengenea kama yanavyotengenea kwenye hadithi. Mashine ya sikioni ilimletea vijiko, milango na pikipiki, vyote kwa pamoja, kama mtu anayemwaga sanduku la misumari sakafuni. Kelele za gereji zilimshinda kabisa, akawa anaivaa mashine hiyo nyumbani tu. Nyundo alihamisha kazi yake ya kugonga mpaka mwisho kabisa wa uwanja wake, na kila walipokutana alianza kuomba msamaha, mpaka Sikio akamkataza. Alisema hakuna aliyejua, na kwamba yeye mwenyewe angeweza kuziba masikio kwa pamba kama Nyundo alivyoziba miaka yote hiyo, akaona ni ulegevu. Kwa muda aliendelea kufanya kazi bila kuliendesha gari la mtu. Aliyekuja na kelele alifunguliwa magurudumu yote manne, pedi za nje na za ndani zikatolewa na kuwekwa mezani mbele ya macho yake. Kazi ikawa ya kweli, lakini ya taratibu, na wateja wana haraka. Mwaka uliofuata alimwachia kibanda fundi mwingine.

Mkono wa mwalimu uliunga, ila kifundo kilibaki kimepinda na vidole viwili havikunjiki. Sikio alikuwa akimpeleka mazoezini kila Jumatatu. Mzee alikuwa anaandika barua kwa mkono kwa wanafunzi wake wa zamani, na sasa hawezi, kwa hiyo alijaribu kumsomea Sikio maneno aandike yeye. Hilo nalo lilikwama, maana Sikio alisikia nusu na kuandika robo. Wakaacha. Huketi tu kwenye benchi la hospitali wakisubiri zamu, mmoja akifinyanga mpira laini kwa vidole vinavyogoma, mwingine akitazama magari yanayoingia taratibu kwenye kile kimteremko, moja baada ya jingine, kila dereva akikanyaga breki mahali pale pale.