Picha Safi Isiyo na Ngamia

"Mtoto wa mchunga ngamia ashike kamera? Atatafuta chuchu zake aikamue!" Hivyo ndivyo alivyosema eddo Halima, shangazi yangu, mbele ya soko zima la Garissa siku nilipoondoka kwenda kusoma ng'ambo. Nilirudi na diploma ya upigaji filamu, wa kwanza kwetu. Televisheni ya huko ikaniagiza filamu ya hirola, swala adimu wa nyika yetu. Nauli yangu ya kwenda ilitokana na ngamia waliouzwa na jamaa watatu. Adeer Dubow, ndugu wa baba, aliuza wawili. Filamu hiyo ndiyo ingewalipa.

Vita vya shifta, kati ya waasi wa nyika yetu na jeshi la serikali, vilikuwa vimepamba moto. Baada ya siku nne za kuomba kibali niliondoka Garissa na msafara wa malori. Tulipita vijiji vilivyobaki majivu. Mimi nilikumbatia kamera niliyoifunga nguo tatu, maana chembe moja ya vumbi kwenye lenzi huharibu kazi yote.

Kijijini Kotile, adeer Dubow alinipokea kwa maziwa. Kesho yake tukatembea na ngamia wake kumi na wawili hadi kwenye bwawa dogo.

"Hirola hufuata mifugo," aliniambia. "Simba huwaogopa watu. Swala anajua."

Asubuhi ya pili hirola wanane walikuja kweli. Mwanga ulikuwa safi, ningeweza kuhesabu kope zao. Lakini kila nilipoelekeza lenzi palikuwa na nundu.

"Adeer, waondoe ngamia. Watazamaji wanataka nyika halisi."

"Kwani hii ni ya uongo?"

"Picha nzuri haina mifugo. Nimeisomea."

"Niwapeleke wapi? Kuvuka korongo lile tumekatazwa na askari."

"Kidogo tu, adeer."

"Haya, msomi." Akawaswaga kuvuka korongo, kengele zao za mbao zikififia.

Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Hirola waliinama kunywa, kisha wote wakainua vichwa kwa pamoja. Nilikuwa bado nazungusha filamu niliposikia bunduki.

Adeer alirudi akiwa na ngamia mmoja, na kengele mkononi. Waliochukua wengine walikuwa wa upande gani, hatukujua, na hapakuwa na wa kumuuliza. Hakunilaumu. Hilo lilinikaa kifuani njia nzima ya kurudi Garissa.

Filamu ilisifiwa sana ng'ambo. Malipo yalipofika nilinunua ngamia, na kwa siku moja nikawalipa wote watatu. Eddo Halima mwenyewe alipiga vigelegele. Adeer alikuja kuchukua ngamia wawili aliowauza, nami nilikuwa nimemwekea kumi na watatu, kumi na mmoja wakiwa badala ya wale walioporwa. Kwanza akaomba kuiona filamu. Tukafunga madirisha, tukatandaza shuka ukutani, nikawasha projekta.

Hirola wakainua vichwa, na sauti ya msimulizi ikaeleza kwa Kizungu.

"Hapo," alisema. "Huyo mzungu anasema nini?"

Ningeweza kumdanganya. "Anasema wamesikia simba."

"Wallahi?"

"Wallahi, adeer."

Alitazama mpaka shuka likabaki jeupe. Siku hiyo nilijua kuwa picha inaweza kuonyesha kila kope na bado ikawa ya uongo, na kwamba uongo ule ulikuwa wangu kabla haujawa wa wale wa ng'ambo.

Nje, adeer alichagua ngamia wawili, akamfunga mmoja ile kengele.

"Na hawa kumi na mmoja?" nilimuuliza.

"Wawili nilikukopesha, umelipa," alisema. "Wale wengine sikukukopesha."

Akawaswaga wawili wake kuelekea barabara ya Kotile.