Ressort zenye Bwana Yangu Anajivunia, Miye Njo Nazitengenezaka

Admin, ficha jina yangu vizuri, juu hapa Kisangani batu banajuana. Niko mwanamuke wa myaka makumi tatu na sita, mama wa batoto batatu, tunaikala ku commune ya Tshopo ndani ya parcelle yenye marehemu papa yangu aliniachia. Bwana yangu tumuite Ingénieur, juu njo vile yeye mwenyewe aliandika ku kibao ya mulango. Diplôme yake iko video za ku telefone.

Papa yangu alikuwaka fundi wa ressort, springi za gari. Zile lame, vyuma bapa zenye zinapangwa moja juu ya ingine chini ya gari zibebe uzito, zikilala ao zikikatika batu balikuwa banamuletea hapa nyumbani. Alikuwaka anazipiga baridi, na nyundo, juu ya kipande ya reli, mupaka zinapata tena mugongo yabo ya kupinda. Miye nilikuwaka namushikia, kiisha nikaanza kupiga miye mwenyewe. Moto karibu na lame, papa hakukubalia hata siku moja. Alikuwa anasema: "Chuma hii kazi yake iko kuinama na kurudia. Ukiichoma, itakatika tu." Mutoto wa primaire angeelewa.

Bon, papa akakufa, Ingénieur akakamata atelier. Akanunua poste ya soudure, mashini ya kuunganisha chuma na moto. Lame ikikatika, yeye anaunganisha vipande na soudure, anapitisha meule ya kusugulia chuma, inang'aa, client anafurahi. Nilimuambia na heshima yote, kwa jina ya mutoto yetu wa kwanza: "Papa Junior, lame habasoudake." Akacheka mbele ya batu: "Musikie huyu! Rudia ku jikoni, ku pondu yako." Jioni mama mukwe akaniita kando: "Unataka baseme mutoto wangu anafundishwa kazi na bibi yake?"

Njo hapo nilifanya ujinga yangu. Nyuma ya saa sita ya muchana Ingénieur anaendaka ku nganda kukunywa na kujisifu. Miye nafunga mulango ya parcelle, nafungua ressort yenye alimaliza asubuyi, natosha lame yake ya soudure, nachagua ingine ya urefu moja ku lundo ya vyuma ya papa, naipiga mupaka inalingana, nafunga boulon, napakaa mafuta nyeusi ya vidange, ile inatoshwaka ku moteri. Client anakuya, anachukua, anaenda mupaka Bafwasende na kurudia bila shida. Myaka mbili nafanya vile. Na ule bwana mwenye macho mbili hakuona kama soudure yake haiko tena ku chuma! Anachukua pesa, anasema: "Munaona kazi ya mikono yangu?" Mikono gani? Mikono yake haina hata sugu. Nilikuwa najiambia niko nalinda nyumba yangu.

Sasa jina yake ikakua. Papa Amisi, mwenye kamionete moja ya kubeba batu na mizigo ku barabara ya Bafwasende (haiko jina yake ya kweli), akamuambia ahamie Bafwasende, atamupatia nyumba na atelier. Ingénieur akavimba kama mukate ndani ya maji. Na juma iliyopita lame-maîtresse ya ile kamionete ikakatika, ile ya juu yenye kushika ekseli. Akaenda kuitengeneza kwa papa Amisi mwenyewe, hapa hapa Kisangani, na groupe électrogène ya kule, mashini ya kutosha umeme. Miye sikuweza kugusa kitu. Akarudi anapiga miruzi: "Nimesouder mara mbili, juu na chini! Samedi tunahama na ileile kamionete. Weye na batoto mutaikala mbele."

Batoto yangu! Juu ya ile takataka!

Nikashindwa kunyamaza. Nikamuelezea yote, ya myaka mbili. Hakuamini. Nikaenda nyuma ya choo kwenye nafichaka lame zake, nikaleta moja, nikaiweka juu ya reli, nikaipiga nyundo. Ya tatu tu, paa! Ikakatika pembeni ya soudure, mbele ya macho yake. Muko munajua alinijibu nini? "Umeipiga na kisirani. Barabara haipigake na kisirani." Jamani! Ile barabara yenye mashimo inamezaka camion nzima! Mutu kama huyu njo nazalia batoto.

Kiisha akaweka kidole mbele ya uso yangu: "Ukimuambia papa Amisi hata neno moja, usirudie tena ku nyumba yangu." Nyumba yake! Hata musumari moja ya hii nyumba hakununua. Mama mukwe naye alishasema, kama nikimuharibia mutoto wake kazi, batoto batabaki kwa familia ya baba yabo. Na hapo njo naogopa kabisa, juu ile familia haina muchezo.

Leo iko jeudi, imebaki siku mbili tu. Naweza kukatala kupanda, miye na batoto, nijifanye mugonjwa. Lakini kule nyuma banapandishaka bamama na bitunguu yabo, na bitoto ku mugongo. Bale bote banapanda juu ya jina ya Ingénieur, na ile jina haikutoka ku soudure yake, ilitoka kwangu. Kama miye ningeacha lame yake ya kwanza ikatike ku mulango wa client, leo hakuna mutu angemuaminia hata baiskeli. Njo kitu inaninyima usingizi, si kelele yake.

Basi bandugu, mutu anishauri: niende kwa papa Amisi nimwage yote na nihatarishe batoto yangu, ao kuko njia ingine sijaiona? Na ule mwenye anataka kuniandikia "vumilia, linda nyumba yako", kwanza aniambie kama samedi asubuyi atakuya kupandisha batoto yake mwenyewe mu ile kamionete.