Yowe Langu Ufukweni Likoma

Nakumbuka siku moja kule kisiwani Likoma, nilipopiga yowe nikawaangusha wanawake ambao hata majina yao sikuyajua. Mpaka leo, mwanangu, upepo ukivuma kwa nguvu moyo wangu hukimbilia kule.

Mimi ni Mmatengo wa Mbinga, nimekulia mlimani kwenye ngolo, yale mashamba yetu ya mashimo, na kahawa. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milima yetu kuifuata kahawa wenyewe, fedha mkononi, na mume wangu Kaspari akawa kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Skola," akaniambia, "tangu tuoane hatujaenda popote ila shambani na kanisani. Twende tukapumzike nchi za watu." Tukatafuta vibali, tukateremka hadi Mbamba Bay, tukapanda boti ya injini ya wafanyabiashara. Likoma ni kisiwa cha Malawi, ziwa ni hilihili letu la Nyasa. Tukadhani basi na mambo ni yaleyale.

Kisiwa ni kizuri, sikufichi. Mchanga mweupe, maji unayaona mpaka mawe ya chini, usipa, dagaa wa ziwa letu, umeanikwa kwenye vichanja unang'aa. Tulipanga chumba kwa bikizee mmoja mjane, kila mtu akimwita Agogo, yaani bibi. Aliwahi kuolewa Liuli, upande wetu, kwa hiyo Kiswahili alikijua. Tulipomwamkia Shikamoo, akauliza, "Kwenu ni kijiji gani? Wazazi wenu ni akina nani?"

Kaspari akacheka. "Bibi, sisi ni wapita njia tu. Tumekuja kupumzika."

Mgeni ana macho makubwa lakini haoni.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nikasinzia. Nilipoamka Kaspari hayupo, na mwera, ule upepo wa kusini, umekwisha kuanza. Nikateremka ziwani. Mawimbi yalikuwa meupe vichwani, na pale mchangani nikaona viatu vyake na shati lake. Mwenyewe hayupo. Nikamuuliza kwa Kiswahili mama mmoja aliyekuwa anaanua usipa. Akanijibu kwa Kinyanja maneno mengi, nami sikuelewa ila kidole chake, na kidole kilielekea majini.

Nikaweka mikono kichwani, nikapiga yowe. Mlimani kwetu yowe ni la kuita majirani, iwe moto, iwe nyoka. Lakini hapo niliona wanawake wakitoka majumbani mbio, wengine na unga mikononi. Mmoja mjamzito akaanguka magoti mchangani. Mwingine akaingia majini mpaka kiunoni, akiita jina la mwanamume, akiita tena na tena.

Agogo akanishika mkono. "Nyamaza, binti! Hapa yowe la ufukweni ni la maiti. Waume wa hawa wote wako ziwani. Umeona maiti?"

"Hapana, bibi."

"Unalilia nini?"

"Viatu," nikasema.

Akawageukia wenzake, akawatuliza, akauliza kwa utaratibu. Kumbe yule mama wa usipa alikuwa akinieleza kwamba Kaspari ameacha viatu na shati visilowe, akapanda mtumbwi na kaka wa mama huyo kwenda kuona kisiwa kidogo cha mawe, na kwamba mwera ukichacha huwa wanajibanza nyuma ya mawe mpaka utulie. Lakini hofu ikishaingia haitoki kwa maneno. Hakuna aliyerudi nyumbani. Tukakaa pale mchangani, na Agogo akaniuliza tena, taratibu, "Kijiji chenu ni kipi? Mumeo angerudishwa hajitambui, ningempelekea nani habari?" Nikamtajia.

Jua lilipoelekea kuzama upepo ukalegea, na mitumbwi ikaanza kurudi mmoja mmoja. Kaspari alishuka akijaribu kucheka. Agogo hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Baba yako anaitwa nani?" Mume wangu akajibu kwa upole, kama mtoto mbele ya katekista. "Haya," akasema Agogo, "sasa una mtu hapa. Mchana hukuwa naye."

Kesho yake tulizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Yule mjamzito alitukaribisha, akatucheka, akatufungia usipa wa kwenda nao. Ila aliponipa mkono wa kuagana, macho yake yalikuwa bado ziwani.

Mwanangu, nchi za watu nenda, usiogope. Kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini kabla hujauliza pazuri ni wapi, jitambulishe kwa mwenyeji: jina lako, kwenu, na nani wa kuambiwa ukipatwa na jambo. Jifunze namna wanavyosalimiana na namna wanavyolia. Usitoke bila kumuaga uliyefuatana naye, hata akiwa usingizini, mwamshe. Na upepo, waulize wenye upepo wao. Kuuliza si ujinga.

Mungu akutangulie majini na nchi kavu. Kila ufikapo, akujalie mwenyeji atakayekuuliza wewe ni wa nani. Nawe usimcheke, umjibu.